Dawa za Kifafa kwa Hasira za Kulipuka: Zianzishwe kwa Hesabu

Mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, ndugu mnaotunza wagonjwa majumbani, na ninyi ambao hasira tutakazozizungumzia ni zenu wenyewe na bado mmekuja kusikiliza: nawasalimu, na ahsanteni kwa kufika.

Swali nililoombwa kulijibu ni fupi. Mtu ana tatizo la haiba, na hasira zake zinamponza yeye pamoja na walio karibu naye. Je, dawa za kifafa zinaweza kumsaidia? Nijibu mapema. Ndiyo, zinaweza kuwasaidia baadhi ya watu, kwa aina moja ya hasira, na kwa kiasi. Na kwa kuwa ni baadhi tu, tena kwa kiasi, dawa hizi hazifai kuandikwa kisha zikasahaulika kwenye jalada. Zianzishwe kama jaribio. Tunachokihesabu kijulikane, muda ujulikane, na siku ya kuamua iandikwe kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Hilo ndilo lililonileta hapa, na muda uliobaki nitautumia kueleza kwa nini nalisisitiza.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Tukisema tatizo la haiba hatumaanishi mtu mkorofi au aliyekosa malezi. Tunamaanisha namna ya kuhisi, kufikiri na kuhusiana na watu iliyojengeka tangu ujana, isiyobadilika kirahisi, inayomtesa mwenyewe na wanaoishi naye. Ziko aina kadhaa. Mbili zinahusika zaidi leo: ile tunayoiita bodalaini, ya hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi, hofu kubwa ya kuachwa na kujidhuru, na ile ya mtu asiyejali haki za wenzake. Naomba hili lisipotee njiani: wengi wenye matatizo haya hawajawahi kumpiga mtu yeyote. Walio na bodalaini, mara nyingi anayeumizwa ni wao wenyewe.

Sasa tuangalie hasira yenyewe kwa karibu. Chukulia kijana wa miaka ishirini na minane. Amemtumia mwenzake ujumbe wa simu, dakika kumi zimepita haujajibiwa. Anapiga, simu inaita tu. Kifua kinapata joto, masikio yanavuma, mikono inaanza kutetemeka. Ameshaamua moyoni kwamba ameachwa. Mwenzake anapofungua mlango, kabla hajasema lolote, simu imesharushwa ukutani na ngumi imeshapasua ubao wa kabati. Dakika chache baadaye kijana yuko sakafuni anaokota vipande vya kioo cha simu, analia, anaomba radhi, na radhi ile ni ya kweli kabisa. Wiki inayofuata mambo ni yale yale.

Weka pembeni yake mtu wa pili. Huyu amekaa siku tatu akipanga. Anajua atampiga nani, wapi, na atapata nini: pesa, au woga wa mtu anayemtawala. Mapigo ya moyo wake hayapandi. Baadaye hajuti, na akiulizwa anaeleza kwa utulivu kwa nini ilibidi.

Majirani wakisimulia habari za hawa wawili watasema wote ni wakali. Kwa daktari tofauti yao ni kubwa kuliko tofauti ya jina lolote la ugonjwa, na tuna ushahidi mzuri wa hilo. Ernest Barratt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, walifanya utafiti magerezani, wakautangaza mwaka 1997. Waliwachukua wafungwa 60, nusu wakiwa ni wa ukali wa kukurupuka kama kijana wetu wa kwanza, nusu ukali wa kupanga kama wa pili. Kila mmoja kwa zamu alipewa fenitoini, dawa kongwe ya kifafa, na kidonge kisicho na dawa ndani, bila mwenyewe kujua anameza kipi. Kwa wale wa kukurupuka, matukio ya fujo yalipungua walipokuwa kwenye fenitoini. Kwa wale wa kupanga, dawa haikubadilisha kitu.

Kwangu mimi huo ndio utafiti wa kuanzia katika jambo hili zima. Hakuna kidonge kinachofuta uamuzi wa mtu. Kinachoweza kufanyika, kwa baadhi, ni kuongeza nafasi kidogo kati ya kuguswa na kupiga. Kwa hiyo mzazi au mke anayeniambia, "Daktari, mpe dawa aache kunitisha," swali langu la kwanza ni: vitisho vinakuja vipi? Vikija kwa hesabu, mahali pasipo shahidi na kwa lengo, hapo tunahitaji usalama wako, sheria na watu wa kukulinda. Nikimwandikia dawa ningekuwa nakupa tumaini la uongo, na tumaini la namna hiyo linaweza kukugharimu uhai.

Kwa nini dawa ya kifafa iguse hasira? Fenitoini iligunduliwa kuwa inazuia degedege na Houston Merritt na Tracy Putnam huko Boston, wakatangaza matokeo yao mwaka 1938. Ilikuwa nafuu kubwa kwa sababu haikuwalaza wagonjwa usingizi kama dawa zilizokuwepo. Baadaye wakaonekana watu wanaosema imetuliza na fikra pia. Aliyeipigia debe kuliko wote hakuwa daktari. Alikuwa tajiri wa masoko ya hisa wa Marekani, Jack Dreyfus, aliyeamini fenitoini imemtoa kwenye unyonge mkubwa wa moyo, akatumia sehemu kubwa ya mali yake kuwashawishi madaktari na wanasiasa. Shauku yake haikuthibitisha kitu, ila ilisaidia swali lisife.

Maelezo ya kitaalamu ni haya. Dawa kama fenitoini, kabamazepini na lamotrijini hukaa kwenye vijitundu vya sodiamu vya seli za neva, zikapunguza kasi ya seli kurusha umeme mfululizo. Valproeti nayo, pamoja na mengine, huongeza nguvu ya gaba, kemikali ya ubongo inayotuliza. Fikra ni kwamba kwa mtu wa kukurupuka, sehemu za ndani za ubongo zinazotoa kengele ya hatari hulia haraka na kwa sauti kubwa, na sehemu ya mbele inayopaswa kusema "subiri" huchelewa. Dawa inapunguza sauti ya kengele. Ni nadharia yenye mantiki, lakini bado ni nadharia. Na ukipewa dawa hizi haina maana kwamba una kifafa kilichofichika. Nimewasikia watu wakiachishwa kazi ya udereva kwa sababu bosi aliona jina la dawa tu. Hilo si haki.

Tuje kwenye dawa moja moja, nami nitakaa pale penye la kusema.

Valproeti imejaribiwa kwa watu wengi kidogo. Mwaka 2003 Eric Hollander na wenzake walitangaza utafiti wa watu 246 waliopewa ama valproeti ama kidonge kitupu kwa wiki 12. Walikuwa wa makundi matatu, kundi moja likiwa la wenye matatizo ya haiba ya jamii ile ya bodalaini na ya kutojali haki za wengine. Wote wakijumlishwa pamoja, dawa haikushinda. Lilipotazamwa kundi la haiba peke yake, dawa ilishinda. Daktari mwenye haraka atabeba sentensi ya pili na kuiacha ya kwanza. Mimi nazibeba zote mbili: kuna dalili njema, lakini imetoka kwenye kipande cha utafiti ambao kwa ujumla wake haukufaulu. Dalili ya namna hiyo inatosha kujaribu kwa uangalifu. Haitoshi kuahidi.

Kabamazepini ina kisa kinachonigusa zaidi. Mwaka 1988 Rex Cowdry na David Gardner, wa Marekani, waliandika kuhusu wanawake 16 wenye bodalaini na matukio mengi ya kupoteza udhibiti. Kila mmoja alipitia dawa nne tofauti na kidonge kitupu, kwa zamu. Kwa kabamazepini, matukio yalipungua ukali. Lakini moja ya zile dawa nne ilikuwa alprazolamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ndugu wa diazepamu. Wakati wa kuitumia hiyo, kupoteza udhibiti kuliongezeka.

Nawaomba wahudumu wenzangu mlishike hilo. Mtu amekuja usiku, amepiga kioo, anatetemeka; mkono wa mhudumu unakwenda wenyewe kwenye dawa za kutuliza, na siku ya pili anaondoka na bahasha ya vidonge vya mwezi mzima. Kwa dharura ya saa chache dawa hizo zina kazi yake. Kwa matumizi ya kila siku, kwa mtu ambaye tatizo lake ni breki, zinaweza kuilegeza hata ile breki ndogo aliyonayo, kama pombe inavyofanya. Familia inasema dawa imemharibu, na mara nyingine inasema kweli. Utafiti wa Cowdry na Gardner ulikuwa mdogo, na mwingine mdogo uliofuata mwaka 1994 haukuona faida ya kabamazepini kwa bodalaini. Basi faida ya kabamazepini nitaisema kwa sauti ya chini. Onyo la alprazolamu nitalisema kwa sauti ya juu.

Sasa lamotrijini. Kwa miaka mingi madaktari waliipenda kwa bodalaini, kwa sababu tafiti chache za mwanzo zilionyesha hasira ikipungua sana. Ndipo Uingereza wakafanya utafiti mkubwa, ukiongozwa na Mike Crawford, matokeo yakatoka mwaka 2018. Watu 276 wenye bodalaini, mwaka mzima, nusu lamotrijini, nusu kidonge kitupu. Mwisho wa mwaka hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Tena chini ya nusu ya washiriki ndio waliokuwa bado wanameza vidonge vyao mwaka ulipokwisha, jambo ambalo kila anayefanya kazi hii analijua.

Angalieni lakini kilichotokea humo ndani. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliomeza kidonge kitupu walipata nafuu sawasawa na wenzao. Kama kila mmoja wa wagonjwa wale angekuwa na daktari wake peke yake, na daktari yule akamwandikia lamotrijini, angeona kwa macho yake mgonjwa anatulia, na angeapa kwamba ni dawa. Watu wenye bodalaini huja kwetu siku iliyo mbaya kuliko zote, na baada ya siku mbaya kuliko zote, nyingi zinazofuata ni afadhali. Pamoja na hayo wanapata mtu anayewapigia simu, anayewauliza hali, anayeandika majibu yao. Hilo nalo ni tiba. Dawa isipewe sifa ya kazi hiyo.

Mwaka 2010 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilikusanya tafiti zote nzuri za dawa za kifafa kwa ukali na kukurupuka. Zilipatikana 14, zenye watu 672 kwa jumla. Baadhi ya dawa zilifanya kazi kwa baadhi ya makundi, nyingine hazikufanya, na wakaguzi wakasema ushahidi hautoshi kutoa uamuzi thabiti. Uingereza, mwongozo wa taifa wa mwaka 2009 ulisema dawa zisitumike mahususi kutibu bodalaini wala dalili zake moja moja, na kwa haiba ya kutojali haki za wengine zisiwe kawaida ya kutibu ukali. Nchini Marekani hakuna dawa yoyote iliyosajiliwa kwa ajili ya bodalaini. Kwa hiyo kila tunapoandika dawa hizi kwa kazi hii, tunaandika nje ya kibali chake. Si kosa, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo mdomoni, kwa lugha anayoielewa.

Na zina madhara. Hapa sitapita haraka.

Wengi wanaokuja kliniki na bodalaini ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao mimba huja bila kupangwa. Valproeti ikitumika wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja katika kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, kama mgongo wazi, na watatu hadi wanne katika kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kuzungumza au kujifunza. Tena madhara huanza katika wiki za mwanzo, kabla mama hajajua ana mimba. Uingereza, tangu Januari 2024, mtu wa chini ya miaka 55, mwanamke au mwanamume, haanzishiwi valproeti mpaka wataalamu wawili wakubaliane kwamba hakuna nyingine inayofaa, au kwamba hatari za uzazi hazimhusu. Kwa maoni yangu, mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe valproeti kwa ajili ya hasira. Ushahidi wenyewe ni wa kusuasua. Hauwezi kubeba hatari ya ukubwa huo. Ukiacha hayo, dawa hii huweza kudhuru ini na kongosho, na hunenepesha.

Kabamazepini huharakisha ini kusaga dawa nyingine. Vidonge vya uzazi wa mpango hupungua nguvu, na baadhi ya dawa za VVU pia. Anayetumia dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo za VVU, huhitaji dozi mara mbili kwa siku. Hupunguza chumvi kwenye damu, na mara chache huangusha chembe za damu. Kabamazepini na lamotrijini zote huweza kuleta upele mbaya unaobabua ngozi na midomo. Ndiyo maana lamotrijini huanza kwa miligramu 25 kwa siku wiki mbili, kisha 50 wiki mbili nyingine, na taratibu zaidi kama mtu yuko kwenye valproeti. Mgonjwa akiona upele, homa au vidonda mdomoni, asingoje siku ya kliniki. Arudi siku hiyohiyo.

Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kwenye tafiti za dawa za kifafa, mawazo na majaribio ya kujiua yalikuwa takriban mara mbili ya yale ya kidonge kitupu. Idadi yenyewe ni ndogo, chini ya mtu mmoja katika mia, lakini sisi tunawapa watu ambao tayari wanajidhuru. Kwa hiyo wasiondoke na vidonge vya miezi mitatu mkononi. Wiki moja, wiki mbili, na mtu wa nyumbani anayejua viko wapi. Na iko dawa ya kifafa, levetirasetamu, ambayo kwa baadhi ya watu huleta hasira hasa. Mgonjwa wa kifafa aliyebadilika ghafla akawa mkali baada ya kuianza, tusikimbilie kumwita mwenye tatizo la haiba. Tuitazame dawa kwanza.

Sasa, jaribio lenyewe linafanywaje? Daftari la kawaida linatosha. Wiki nne kabla ya dawa, mgonjwa mwenyewe anaandika, na akiridhia, mtu anayeishi naye anaandika lake pembeni. Mwaka 1986 Stuart Yudofsky na wenzake walitunga kipimo kinachogawa ukali katika sehemu nne, nasi tunaweza kuazima mgawanyo huo: maneno, vitu, kujiumiza, kumuumiza mwingine. Tarehe, kilichotangulia, kilichofanyika, kilidumu muda gani. "Jumanne jioni, simu haikupokelewa, sahani mbili zimevunjwa, dakika kumi." Mstari kama huo una thamani kuliko "anaendelea vizuri" mara ishirini kwenye jalada. Wengi hushangaa wakisoma daftari lao wenyewe: matukio yamekusanyika jioni, au siku za pombe, au baada ya usiku wa kutolala. Mara nyingine tunashughulika na usingizi na pombe, na dawa haihitajiki tena.

Ikihitajika, ni dawa moja, dozi ifike kiasi kinachotakiwa, wiki nane hadi kumi na mbili, kisha mafungu mawili ya daftari, la kabla ya dawa na la wakati wa dawa, yawekwe ubavu kwa ubavu. Tiba ya mazungumzo isisubiri dawa ifanye kazi. Marsha Linehan alionyesha tangu mwaka 1991 kwamba wanawake wenye bodalaini waliofundishwa stadi za kuvumilia hisia na kuomba msaada kabla ya mlipuko walijidhuru mara chache zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Pasipo na mtaalamu wa tiba hiyo, muuguzi mmoja anayekutana na mgonjwa kila wiki, saa ileile, bila kuchoka naye, amefanya jambo kubwa.

Familia, najua baadhi yenu mmechoka hadi mmesaga vidonge mkachanganya kwenye uji. Naelewa mlikofikia, lakini nawasihi muache. Hofu kuu ya mtu huyu ni kusalitiwa na walio karibu, na siku akigundua, hatawaamini ninyi, dawa wala sisi. Na kama unapigwa, usikae ukisubiri dawa ianze kazi. Toka kwanza. Matibabu yake yataendelea hata ukiwa umelala kwingine.

Nimalizie kwa ninyi ambao mko kwenye dawa hizi miaka sasa na hamkumbuki nani alizianzisha wala kwa nini. Msiache ghafla, kwa sababu kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kifafa. Nendeni mkaulize: ilianzishwa kwa lengo gani, nini kilipungua, na tutajuaje kama bado inahitajika? Daktari mzuri hatakasirika. Mtafungua daftari upya, dozi itashushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mtaendelea kuandika. Matukio yakirudi wazi, mmejua dawa ilikuwa na kazi, na inaweza kurudishwa. Zikipita wiki nane baada ya kidonge cha mwisho na daftari halijabadilika, jalada liandikwe hivyo kwa maneno yanayosomeka, jina la dawa, dozi, muda na matokeo, ili daktari atakayempokea mgonjwa mwaka kesho asimwanzishie dawa ileile.